Mkono wa Kushoto wa Hakimu

Hakimu wetu aliandika kwa mkono wa kulia na kutunyamazisha kwa mkono wa kushoto. Siku zile mahakamani hapakuwa na chombo cha kunasa sauti. Kila neno la shahidi lilipaswa kuandikwa na Hakimu mwenyewe, kwa kalamu ya wino, tena kwa Kiingereza, wakati sisi wote mle ndani tulikuwa tunasema Kiswahili. Kwa hiyo shahidi akishatoa maneno mawili matatu, Hakimu aliinua mkono wa kushoto, kiganja kimetuelekea, kiwiko kimeegemea zile Biblia na Kurani za kuapia. Hapo hakuna aliyethubutu hata kukohoa mpaka mkono ushuke. Hakugonga meza wala hakupaza sauti, ni mkono tu.

Nilifanya naye kazi miaka sita pale Mpanda, katika miaka ya sabini, mimi nikiwa karani na mpiga chapa wa mahakama. Meza yangu ilikuwa mbele ya yake, chini kidogo, na niliweza kusikia kalamu ikikwaruza. Alikotoka sikuwahi kumwuliza, na yeye hakuwa mtu wa kusimulia habari zake. Lakini mkono ule niliujua vizuri kuliko mkono wa mume wangu.

Kuna mama mmoja wa Kasokola alikuja kueleza ukubwa wa sufuria aliyopigwa nayo na wifi yake. Akatanua mikono, "Ilikuwa hivi, Mheshimiwa," na palepale mkono wa kushoto ukapanda. Mama wa watu akabaki ameikumbatia sufuria ya hewa. Hakimu akaandika, akafuta, akaandika tena, akatafuta neno la Kiingereza la sufuria ya aina ile. Mkono uliposhuka, mama akaomba akae kwanza, maana alisema mabega sasa yanamuuma kuliko kichwa.

Mji mzima uliuzoea mkono ule. Jumapili Hakimu alikaa benchi la pili kanisani na kijitabu chake, akiandika mahubiri, kwani alikuwa hawezi kusikia mtu akizungumza bila kuandika. Siku moja padri alikuwa anakimbiza maneno, akiwa na misa nyingine kijiji cha mbele. Hakimu, kwa mazoea, akainua mkono. Padri akanyamaza. Waumini wote tukanyamaza, na tukasubiri hivyo hivyo mpaka Hakimu alipomaliza sentensi yake, akashusha mkono, akainua macho na kukuta padri anamtazama. Nasikia alipeleka kuku wawili kwa padri kuomba radhi.

Nje ya mahakama alikuwa mtu mwepesi. Alipita mtaa wa Nsemulwa na baiskeli yake, kengele inalia, akisalimia mpaka watoto wanaochezea matope. Wakati ule kila mtu alikuwa ndugu, naye alipenda kuitwa Ndugu Hakimu. Ila akishavuka mlango wa mahakama, alikuwa hakujui tena. Nje aliniita Mama Deo na kuuliza hali ya kifua cha Deo. Ndani niliitwa Karani, na kifua cha Deo hakikumhusu.

Alikuwa mkali kwa majambazi lakini aliogopa mbwa kupita kiasi. Siku moja mbwa wa gereza aliingia mahakamani akalala mbele ya kizimba, kwenye ubaridi wa sakafu. Hakimu akaweka kalamu chini, akasema kwa sauti ileile ya kutoa hukumu, "Mahakama inaahirishwa mpaka huyo atakapoondoka." Tukaahirisha kesi ya watu watatu kwa ajili ya mbwa ambaye wala hakuamka.

Sokoni hakuweza kununua nyanya bila kusikiliza pande zote mbili. Muuzaji akisema hizi ni za leo, Hakimu alimgeukia jirani yake wa kushoto na kumwuliza kama ni kweli. Wauza nyanya walimkimbia. Mke wake, mama mnene mcheshi, ndiye aliyekuwa Mahakama ya Rufani ya nyumba ile, na nijuavyo mimi mumewe hakuwahi kushinda rufani hata moja.

Sasa kama kulikuwa na kitu kilichomtoa Hakimu jasho kuliko mbwa, kilikuwa wakili. Wilayani kwetu hakuishi wakili hata mmoja. Walikuja kwa treni kutoka Tabora, mara chache kwa mwaka, na suti na mikoba. Hakimu aliwasema vibaya mwaka mzima. "Wakili ni mtu aliyesomea kutoelewa," aliniambia. Lakini zikija habari kwamba wakili yuko njiani, alinyoa nywele, akaamuru sakafu isuguliwe, akatoa vitabu vyake vya sheria na kuvipanga mezani, vingine vimefungwa kwa uzi ili kurasa zisiachane. Nilimwambia anajipamba kama bwana harusi. Alikasirika siku mbili.

Wakili aliyemfahamu zaidi alikuwa bwana mmoja mrefu mwenye saa ya mkononi aliyoitazama kila mara. Kila alipotaka kumrushia Hakimu neno kali, alianza na "kwa heshima zote." Ikafika mahali nikisikia heshima tu, naweka kalamu chini nisubiri matusi. Hakimu naye alimjibu kwa mkono wa kushoto. Wakili akiwa katikati ya hoja yake tamu, mkono huo, juu. Wakili anasimama mdomo wazi. Kalamu inatembea polepole. Mkono unashuka. Wakili anajaribu kuipata hoja pale alipoiacha, haipo.

"Mheshimiwa, kwa heshima zote, mimi nina treni saa kumi."

"Kalamu yangu haisafiri na treni, Wakili. Endelea."

Hivyo ndivyo walivyokuwa siku ilipokuja kesi ya mizinga.

Mshtakiwa alikuwa Baba Yustina, mrina asali mpole wa vijiji vya milimani huko Mwese. Alishtakiwa kuiba mizinga saba ya jirani yake pamoja na asali iliyokuwamo. Kule kila mrina ana alama yake anayoichonga ubavuni mwa mzinga, na mizinga ile saba ilikuwa na mikato mitatu. Jirani alisema mikato mitatu ni alama yake, na kila mtu anaijua. Baba Yustina alisema ni mizinga aliyorithi kwa marehemu baba yake mdogo. Akitiwa hatiani ni jela, watu walikuwa wanataja miaka mitatu. Mkewe, Mama Yustina, alitembea kutoka Mwese na mtoto mgongoni, wengine wanne kawaacha kwa bibi yao, na mahindi shambani hayajavunwa. Ukoo ulichangishana ukamleta Wakili kutoka Tabora. Wengi wao walikuwa hawajawahi kumwona wakili, na walimkagua kama ng'ombe wa mnada, wakaridhika na urefu wake.

Upande wa mashtaka alisimama Inspekta wa polisi. Asubuhi ilikwisha kwa mabishano. Wakili alipinga swali la kwanza, akapinga la pili, akapinga namna Inspekta alivyosimama. Hakimu aliandika kila pingamizi, mkono juu, mkono chini. Baada ya chakula cha mchana, akaitwa shahidi wa pili wa utetezi, mzee sana, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili. Huyu ndiye aliyetegemewa. Jua lilikuwa linaunguza bati, na Hakimu alikuwa amekula ugali na samaki wawili, migebuka ya Ziwa Tanganyika.

Mzee akaapa, akaanza kusema. Hakimu akainua mkono wa kushoto. Lakini Mzee alikuwa haoni mkono wala Hakimu mwenyewe, basi akaendelea tu. Tukatazamana. Tulidhani Hakimu atafoka, ila mkono haukutikisika, kichwa kimeinama juu ya karatasi, tukasema moyoni leo kaamua kumwachia mzee wa watu. Wakili alifurahi mno. Shahidi wake anatiririka bila kukatizwa, na treni inangoja. Mzee akaeleza matanga yalivyokuwa, nani alikaa wapi, mirathi ilivyogawiwa. Akamaliza, akasema, "Ni hayo tu, baba."

Mkono bado uko juu. Tukangoja. Inspekta alikuwa na maswali yake tayari, lakini chini ya mkono ule hakuna anayesema. Askari wa mlangoni amekauka. Mtoto wa Mama Yustina akaziba mdomo wake mwenyewe, maana hata yeye alikuwa ameshajua utaratibu. Mimi pale chini ndiye niliyeanza kuhisi, kwa sababu sikusikia kalamu ikikwaruza. Ila na mimi nilinyamaza, kama wote.

Mwisho Wakili alitazama saa, akanyata mpaka mbele, akanyoosha shingo ndefu ile juu ya meza.

"Mheshimiwa," alisema, "kwa heshima zote, mahakama imelala."

Hakimu akashtuka. Mkono ukashuka wenyewe. "Mahakama haijalala. Mahakama inaandika."

"Basi naomba mahakama itusomee ilichoandika."

Hakimu akatazama karatasi. Palikuwa na mstari mmoja, na mwisho wa mstari doa la wino lenye ukubwa wa karanga.

"Wakili, unajua kwamba kuna kosa la kudharau mahakama?"

"Nalijua, Mheshimiwa. Sijui tu kama mahakama iliyolala inaweza kudharauliwa."

Inspekta akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Hakimu akaita, "Askari!" Askari akapiga hatua mbili mbele, hajui amkamate nani. Wakili akamnyooshea mikono yote miwili. "Kama ni rumande twende upesi, bwana, niwahi kujua kama treni imeniacha."

Nilikuwa nauma shavu nisicheke, mpaka nilipomwona Baba Yustina. Alikuwa ameshika ubao wa kizimba kwa mikono yote miwili, macho yanahama kutoka kwa mkubwa mmoja kwenda kwa mwingine, anatafuta ni yupi amwokoe. Na Mama Yustina akasimama. Hakuruhusiwa kusema, ila nani angemzuia.

"Jamani, sasa mume wangu anafungwa kwa sababu nyie wakubwa mnagombana? Mzee kasema yote. Nani kayasikia?"

Hakimu akaahirisha kwa dakika kumi, akanipungia nimfuate ofisini.

Alifunga mlango. "Mama Deo," aliniita, na ndani ya jengo lile hakuwahi kuniita hivyo. "Nililala?"

"Kidogo, Mheshimiwa."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kuanzia matanga mpaka mwisho wa mirathi."

"Nilikoroma?"

"Mimi nilidhani ni lori la tumbaku."

Alikaa. Nilimwonea huruma kweli. Nikamwambia hakuna aliye na uhakika isipokuwa yule mrefu, na neno la Hakimu ni zito kuliko la wakili. Aandike tu anayoyakumbuka, mimi nitamsaidia kwa yale niliyosikia. Akatikisa kichwa. Kisha akavaa koti lake, akatoka.

Mahakamani aliandika kwanza, kisha akatusomea kwa Kiswahili, kila neno: kwamba mahakama ililala usingizi shahidi wa pili wa utetezi alipokuwa akitoa ushahidi, haikusikia kitu, na iliamshwa na wakili. Kwamba shahidi aitwe upya. Inspekta akapinga, pingamizi lake likaandikwa. Wakili alikuwa amejiandaa kwa vita, akabaki na mdomo wazi bila hata kuinuliwa mkono.

Lakini Mzee akakataa. "Mimi nimeshasema," alisema. "Nyie mnataka niseme tena, nikikosea neno moja mseme mzee mwongo. Nimeapa mara moja. Sirudii."

Wakili akambembeleza, ikawa kazi bure. Inspekta akatabasamu. Ndipo Hakimu akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla wala baada ya siku ile. Alishuka kutoka kwenye meza yake, akapita mbele ya Wakili, akasimama karibu na Mzee mpaka akaweza kumgusa bega.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Ni mimi Hakimu. Nililala ulipokuwa unasema. Nilishiba, na jua kali. Kosa ni langu, si la maneno yako."

Mzee akafikiri. "Ulilala tu? Mimi nilidhani umenyamaza kwa kuwa huniamini." Akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Usingizi wa mchana haukamatiki, mwanangu. Nenda kakae, nitakusimulia."

Tukasikia honi ya treni kule stesheni. Hakimu, kalamu mkononi, akamtazama Wakili. "Wakili, treni yako."

"Nimeisikia, Mheshimiwa. Tuendelee," akasema, akausukuma mkoba wake chini ya meza. Hakutaja heshima, na ilikuwa mara ya kwanza mimi kuiona kwake.

Mzee akasimulia upya. Marehemu alikuwa na mikato miwili. Siku ya matanga, mrithi huongeza mkato wake mmoja mfupi chini ya ile ya zamani, mbele ya wazee, na yeye ndiye aliyemshikia Baba Yustina mzinga wakati anachonga. Hakimu akatutoa wote nje, mizinga ilikokuwa imewekwa kama vielelezo, ile saba na mmoja wa jirani mwenyewe, akapiga magoti na suti yake, akapima kwa rula. Mikato ya jirani ilikuwa sawasawa yote mitatu. Kwenye ile saba, mkato wa tatu ulikuwa mfupi, na mpya kuliko wenzake. Kesho yake asubuhi Baba Yustina aliachiwa huru. Mama Yustina hakupiga kelele, alikaa tu chini kwenye ngazi akamnyonyesha mtoto.

Wakili alisubiri treni siku tatu, na zote alishinda kwa Hakimu wakibishana vifungu vya sheria barazani, mpaka mke wa Hakimu akawapa mahindi wapukuchue ili mikono isipigane.

Inspekta alikata rufaa. Faili likatakiwa Mahakama Kuu, na mimi nikatakiwa kuchapa mwenendo wote wa kesi, nakala nne. Nilipofika kwenye ule mstari wa usingizi, vidole vilisimama. Nilijua wakubwa watausoma, na huyu mtu nilikuwa nampenda kama kaka yangu. Nikauruka. Nikachapa "shahidi aitwe upya," nikaendelea na kazi, na moyo wangu mweupe.

Hakimu alilinganisha nakala na maandishi yake kwa rula, mstari kwa mstari, kama kawaida yake. Akanirudishia zote. Ila nilipozifunga nakala kwenye bahasha, nikakuta kila moja ameandika pembeni kwa mkono wake ule mstari nilioruka, na sahihi chini yake. Nilinuna. Majibu yalipokuja ndipo nikaelewa nilichotaka kumfanyia Baba Yustina. Hoja ya Inspekta ilikuwa ileile ya pingamizi lake, kwamba shahidi aliitwa mara mbili bila sababu ili ajirekebishe. Mahakama Kuu ikasema sababu ipo, imeandikwa, ikaitupa rufaa. Bila ule mstari, mrina asali angefuatwa milimani na kurudishwa, na mimi ningekuwa nimemfunga kwa taipureta.

Mwezi uliofuata Hakimu alipata barua ya uhamisho, kituo kidogo cha mbali, mahali ambapo hata posta ilifika kwa kubahatisha. Alifunga vitabu vyake kwa uzi akaondoka, mimi nikawalaani wakubwa wasioweza kumsamehe mtu usingizi wa siku moja.

Miaka minne baadaye nikasikia amestaafu, na mkewe amechagua warudi huku kwetu, walime Kasokola. Nilimfuata siku ya Jumamosi. Nilimkuta nyuma ya nyumba na kaptula, anachoma mahindi. Tulisalimiana sana, tukacheka habari za zamani, Deo amekuwa mrefu, Wakili amenenepa. Kisha nikamwambia niliyokuja kumwambia. Kwamba mstari ule sikuuruka kwa bahati mbaya.

"Najua, Mama Deo. Wewe hukuwahi kuruka hata nukta."

"Basi nisamehe. Nilitaka wasikuhamishe kwa ajili ya kulala."

Aligeuza hindi kwenye makaa. "Kulala walinisamehe. Jaji mmoja aliniandikia kwamba na yeye yalimkuta, tena kwenye kesi ya mauaji. Walichouliza ni kwa nini mstari haumo kwenye chapa na umeongezwa pembeni. Walitaka jina la karani, wamwachishe kazi."

"Ukasemaje?"

"Niliandika kwamba karani alichapa alichopewa. Kwamba mimi ndiye niliyeuficha ukurasa ule kwa aibu, baadaye dhamiri ikanisuta." Akapuliza majivu. "Deo alikuwa anaumwa kifua, wewe na mshahara wako ndio mliokuwa mnamtibu. Sasa nifanyeje?"

Miaka minne nilikuwa nimelaani wakubwa, na aliyemhamisha nilikuwa mimi. Akanipa hindi lililoiva vizuri, akasema nile kabla halijapoa. Nililila lote nikilia, naye akahamia upande wa pili wa moto, akasema kweli moshi wa leo ni mkali.